Jino Litashika?

Jumanne, 8 Oktoba

Terka mpenzi,

Leo nimemaliza beigli yako, ule mkate mtamu wa sikukuu. Kipande cha nane, cha mwisho. Uliiviringisha mwenyewe kabla ya Krismasi, ukaijaza jozi za mti wetu wa uani, ukaitia kwenye friza. Ukasema hii ni akiba, Vendel, usiiguse. Sikuigusa mpaka ulipoondoka. Tangu Machi nimekata kipande kimoja kila tarehe nane, tarehe yako. Hesabu nilikuwa naijua. Hata hivyo nilikuwa nakata vyembamba kama karatasi, nikijidanganya kwamba haitaisha.

Katikati ya kipande, ka. Ganda la jozi. Ulikuwa unaacha moja kila mwaka, na kila mwaka ukiapa umezichambua zote. Jino langu la mbele, la juu kushoto, likakatika kama tawi kavu. Kimebaki kisiki.

Nikakumbuka sheria ya nyumba yetu: anayepata ganda ndiye anayeosha vyombo. Kulikuwa na kisahani kimoja na uma. Nikaona hiyo haitoshi kwa ganda la mwisho. Nikatoa vyombo vyote kabatini, hata vile vya harusi, nikaviosha kimoja kimoja. Jino na ganda nimeviweka pamoja kwenye kibiriti kitupu.

Sasa tatizo. Tarehe mosi Novemba ni Watakatifu Wote. Bendi itapiga makaburini saa tisa alasiri kama kila mwaka. Safari hii Mwalimu Ambrus amekubali tupige ule walzi wetu tuliocheza kisiwani, polepole, na mimi niuongoze. Uliniomba mwenyewe hospitalini. Si nyimbo za kuliza watu, Vendel, nipigie walzi wa kisiwani. Nikaahidi. Tarumbeta haipigwi bila jino la mbele. Nimejaribu jioni hii. Imetoka sauti ya bata aliyekanyagwa.

Siku ishirini na nne. Na nafasi yangu ikiwa wazi, wa kuijaza ni mmoja tu: Gáspár Mohos, jirani yetu, tarumbeta ya pili. Miaka thelathini amekaa nyuma yangu akiitazama shingo yangu. Sasa hivi namsikia ng'ambo ya ukuta akipuliza. Sijui kama ni mazoezi au ni sherehe.


Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa kwanza: kuficha.

Nimekwenda mazoezini na skafu mpaka puani. Nikamwambia Mwalimu Ambrus koo limenikaba, leo nitasoma noti tu kwa macho. Ingepita. Lakini nilimkanyaga mpiga ngoma, nikasema samahani. Terka, herufi ile ya kwanza ilitoka mluzi mtupu, mrefu, safi. Mbwa wa Gáspár, aliyekuwa amelala mlangoni, akanyanyuka akaja kukaa miguuni pangu akisubiri amri.

Gáspár alitabasamu tu, tabasamu pana la makusudi, na lile jino lake la kupandikiza likang'aa. Alipandikizwa mwaka juzi, na tangu hapo yeye ni profesa.

Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Bokor, koo lako limekaa karibu sana na meno."

Nikamjibu, "Meno yangu ni kamili." Nilichagua kila neno. Hakuna hata moja lenye mluzi.

Basi akaanza kuhutubia, eti anamzungumzia binamu yake wa Győr. Kwamba skrubu ya jino hulia uwanja wa ndege, wanakuvua viatu na suruali. Kwamba kabichi chachu huitia kutu. Kwamba mvua ya radi ikinyesha ni kufunga mdomo. Na mtu akishapita miaka sitini na tano, mwili huitema skrubu, anaamka asubuhi anaikuta juu ya mto wake.

Mimi nina sitini na nane. Nimeandika yote nyuma ya kalenda.


Alhamisi, 10 Oktoba

Mji wetu wa Óvár una madaktari wa meno wengi kuliko waokaji mikate. Kila dirisha la pili lina picha ya jino lenye macho, linacheka. Lakini linamchekea Mwaustria anayevuka mpaka asubuhi na kurudi kwao jioni akitafuna. Nimepiga simu mahali panne. Kwa mwenyeji: Desemba, mzee, au tuseme Januari. Nikapiga mara ya pili pale pa nne, safari hii kwa Kijerumani. Kwa Mwaustria: leo mchana, mheshimiwa, itakufaa?

Mpango wa pili ukazaliwa hapo hapo. Nikavaa ile kofia ya kijani yenye unyoya, uliyonikataza kuivaa mbele za watu, nikawa Bwana Huber wa Vienna.

Kijerumani changu ni cha reli. Najua kusema funga mlango, na treni imechelewa. Nilijaza mengine kwa kukohoa. Msichana wa mapokezi, mwembamba, mwenye miwani, alitikisa kalamu tatu kabla ya kupata inayoandika. Akaniuliza yote kwa heshima kubwa: jina, mtaa, dawa ninazomeza. Mtaa nikasema Mtaa wa Kanisa. Vienna haiwezi kukosa kanisa.

Kisha, bila kuinua macho kwenye kadi, akauliza kwa lugha yetu: na kile kizuizi cha reli pale kituoni, siku hizi nani anakifunga?

Nikajibu kabla sijafikiri. Nikasema hakifungwi na mtu, ni umeme mtupu, kinashuka dakika nne kabla ya treni kama kipofu, magari yanajipanga mpaka sokoni. Mimi nilikuwa nakifunga dakika moja na nusu tu, kwa saa ya mkononi, na kwa miaka ishirini na tisa hakugongwa hata kuku.

Unyoya wa kofia ulikuwa unatetemeka wenyewe.

"Mzee Bokor," akasema, "umenichelewesha shule miaka minane pale kwenye kizuizi chako."

Ni Kinga, Terka. Yule wa mkoba mwekundu. Amekumbuka ulivyokuwa unawapitishia watoto vimkate vya chumvi dirishani, vya moto, wakati mabehewa ya mizigo yanapita na wao wanasubiri. Alisema siku nyingine alikuwa akiomba treni iwe ndefu. Akanipa pole. Habari zako alikuwa amezisikia.

Akakata jina la Huber, akaandika Bokor. Mgonjwa mmoja wa Graz ameingiwa na hofu, amefuta miadi yake. Kesho saa nne asubuhi ni yangu. Ila ameniomba nisije na kofia.


Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika kwa mdomo uliovimba. Najua kuandika hakuhitaji mdomo, lakini leo kila kitu kinahitaji mdomo.

Daktari Végh ni mwanamke wa makamo, ana mikono midogo na sauti ya mwalimu wa watoto wadogo. Nikatoa kalenda nikamwambia nina maswali kumi na manne. Nilidhani atatazama saa. Akavuta kiti akaketi.

Nikauliza kama inauma. Akasema sindano ya ganzi itachoma kidogo, baada ya hapo nitasikia kama jirani anafunga kabati. Nikauliza kama nimezeeka mno. Akasema alimpandikizia bibi wa miaka themanini na minne aliyetaka kung'ata tufaha moja kabla ya kufa, na mpaka leo bibi anang'ata matufaha. Kutu haiingii, ni titani. Uwanja wa ndege hailii. Nilipofika kwenye radi aliniomba nirudie swali. Nikarudia. Akainama kutafuta kitu chini ya meza, akakaa huko muda.

Akaniuliza na mimi. Kisukari? Sina. Sigara? Nimeacha. Lini? Jumanne. Akaandika.

Nikauliza itadumu miaka mingapi. Mingi, akasema, ukiisafisha kila siku kama meno mengine. Nikauliza, nikifa, skrubu ni ya nani. Akasema ni yangu, nitakwenda nayo. Nikasema ni vizuri mtu kuwa na kitu cha kwenda nacho.

Halafu tukafika kwenye muda. Hapo ndipo niliposhika mikono ya kiti. Mzizi uliovunjika atautoa leo, na kwa kuwa mfupa ni mzima ataingiza skrubu leo hii hii. Lakini jino lenyewe la juu yake ni baada ya miezi mitatu au minne. Mfupa huishika skrubu wenyewe, taratibu, na hakuna wa kuuharakisha. Nikauliza, je, mtu akiacha pengo tu bila kuweka kitu? Akasema mfupa wa hapo hunywea. Ukikosa kazi, unanywea mwaka hadi mwaka. Nikamwambia hilo nalijua. Hakuniuliza nimelijuaje.

Kwa sasa atanipa jino la muda, la plastiki, limeshikizwa kwenye kipande cha rangi ya waridi kinachokaa kwenye paa la mdomo, cha kuvaa na kuvua. La kuonekana, akasema, si la kufanyia kazi.

Swali la kumi na nne lilikuwa hili: naweza kupiga tarumbeta tarehe mosi? Kidole changu kilikuwa juu yake. Nikafikiri: nikiuliza, atajibu. Nikakunja kalenda. Nikamwambia la kumi na nne limejibiwa humo humo.

Akafanya kazi yake. Ni kweli, jirani alifunga kabati. Mwishoni, ulimi ukiwa umekufa ganzi, nikamwuliza kama litashika. Akasema neno moja: fog. Unajua mwenyewe lugha yetu ilivyo bahili, Terka. Fog ni jino. Fog ni kushika. Fog tena ndilo neno tunaloahidia mambo ya kesho. Nilirudi nyumbani nikilirudia njia nzima, na ganzi ilipoisha nikaacha, maana lilianza kuuma.


Jumapili, 20 Oktoba

Sikukuu ya jina langu. Ni ya kwanza bila wewe mlangoni kupokea makoti ya watu.

Jino la muda nililichukua juzi. Linapendeza. Jeupe kuliko wenzake, kama mgeni wa harusi aliyejikwatua kupita bwana harusi. Nilikuwa nimeketi nalo mbele ya kioo, nikisema samahani, samahani, sukari, soseji, bila mluzi wowote, mlango ukagongwa.

Gáspár. Siku ya jina mtu haalikwi, anakuja tu, na humfukuzi. Alikuja na chupa ya palinka, pombe kali ya plamu, na kikapu cha jozi. Jozi, Terka, mtu mwenye jirani mwenye mti wa jozi. Nikajua moja kwa moja ni ukaguzi.

Akanitakia maisha marefu, akaketi kwenye kiti chake kile kile. Akatia jozi mdomoni upande wa nyuma, ka, akatoa ganda katika vipande viwili. Akanisogezea kikapu. "Haya, mwenye sikukuu. Kama meno ni kamili."

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kuchukua koleo la jozi lililokuwa mezani, mbele yangu, kwenye kitambaa ulichokidarizi. Nimelifikiria koleo hilo sana jioni hii.

Nikang'ata.

Kulikuwa na sauti mbili. Moja ya jozi. Gáspár akainua bilauri akasema, "Hongera." Nikainua na mimi, nikameza palinka yote kwa mkupuo, na jozi, na ganda, na jino la plastiki. Nikatabasamu mdomo ukiwa umefungwa kwa saa nzima na robo. Alipoondoka alisimama kwenye ngazi akaniambia nisijikaze sana, sisi si vijana. Mbwa wake alinitazama kwa huruma.


Jumatatu, 21 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya kutolewa nyuzi. Daktari akauliza liko wapi jino la muda. Nikasema liko salama, ndani. Si uongo, kwa wakati ule.

Akakagua ufizi, akasema umepona vizuri, akatoka kunawa. Kadi yangu ilikuwa juu ya meza. Sikuigusa, niliinamisha shingo tu. Kwenye pembe ya juu, kwa mkono mwingine, maandishi hafifu, kama ya mtu anayeona haya kuandika. Maneno mawili: nem fog.

Haishiki. Haitashika.

Terka, nilipokuwa mlinzi wa kivuko niliwahi kusimama kwenye giza la ukungu nikisikia treni na nisiione. Ndivyo nilivyokaa kwenye kile kiti. Daktari alirudi akitabasamu, akasema tuonane tarehe nne Novemba. Alikuwa mpole sana. Nikajua sasa kwa nini ni mpole. Ndivyo walivyokuwa wapole na wewe, Januari.

Sikuuliza. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, baiskeli nikaisahau pale.


Jumamosi, 26 Oktoba

Siku nne sikuandika. Kulikuwa hakuna cha kuandika. Nilikula supu.

Leo nimeamka na wazo. Kama skrubu haitashika, basi hakuna ninacholinda. Daktari kashindwa, mfupa umeshindwa, tumebaki mimi na wewe. Nahitaji jino moja, kwa dakika tatu na nusu, tarehe mosi. Baada ya hapo nitakula supu mpaka mwisho.

Mpango wa tatu. Nikafungua kibiriti.

Kipande cha waridi ninacho bado, tupu, kina tundu palipokuwa na lile la plastiki. Nimelisugua jino langu la zamani kwa msasa, nikalipaka gundi ya kubandikia soli za viatu, nikalibana kwa vibanio viwili vya nguo. Gundi imeandikwa inashika ngozi, mpira na mbao. Mfupa haikutaja, lakini kidole gumba changu kimeshikana na kibiriti kwa saa mbili, na kidole kina mfupa.

Jioni nikakivaa. Ladha ya kiatu kipya. Lakini kiooni, Terka, nilikuwa mimi. Jino la manjano kidogo, limepinda kidogo kuelekea ulipokuwa unalala. Ganda nimelibakiza kibiritini peke yake. Nilipuliza mistari minne ya walzi, dhaifu. Lilishika.

Ng'ambo ya ukuta mtu naye akaanza kupuliza walzi ule ule. Sauti ya kwanza, yangu mimi, si ya pili. Mwizi hajifichi tena.


Jumatano, 30 Oktoba

Mazoezi ya mwisho. Nimepiga mistari kumi na miwili bila kosa. Mwalimu Ambrus alifumba macho. Kwenye ile noti ya juu kabisa nikasikia jino linanong'ona, nikaishia hapo nikasema nahifadhi pumzi.

Wakati wa kufunga masanduku Gáspár akaniinamia sikioni. Akasema, "Bokor, pale juu nenda pole pole. Mimi nipo hapo nyuma yako."

Nimekaa na maneno hayo siku nzima. Miaka thelathini anangoja, na sasa hata kuficha hafichi. Nimemwandikia barua ya kumwambia ninavyomfikiria, kurasa mbili. Nimeikosea jina la mtaa kwa hasira, na yeye anakaa mtaa wetu. Sijaituma.


Ijumaa, 1 Novemba

Terka, ulikuwepo. Lakini huenda kutoka huko chini hukuona vizuri, kwa hiyo nakuandikia.

Hali ya hewa ilikuwa nzuri, baridi bila upepo, mishumaa haikuzimika. Krisanthemu zako ni za njano, nyeupe zilikuwa zimeisha. Tulijipanga njiani, kichwa cha kaburi lako kikiwa hatua tatu kutoka viatu vyangu. Watu walikuwa wengi. Kinga alikuwepo na mama yake.

Nikaanza. Mistari minne. Minane. Sikuwa nasikia bendi, nilisikia maji ya kisiwani na vile viatu vyako vya kuazima vilivyokuwa vikikubana. Nikasahau kwenda pole pole. Kwenye noti ya juu nikaitoa yote, pumzi yote tangu Februari.

Jino likang'oka. Likaruka mbele, likagota kwenye mdomo wa tarumbeta kama punje kwenye kengele, na sauti ikafa. Nikashusha tarumbeta. Likadondoka. Nililiona likiruka mara moja kwenye jiwe lako, likaingia kwenye krisanthemu.

Kimya cha nusu mstari. Sijawahi kusikia kitu kirefu kama hicho, na mimi nimengoja treni za mizigo.

Halafu walzi ukaendelea. Kutoka nyuma ya shingo yangu, pale pale nilipoishia, sauti ya kwanza, laini. Gáspár hakusogea mbele. Nilipogeuka alikuwa ametazama viatu vyake, anapuliza, mashavu mekundu, mpaka mwisho. Aliipiga vizuri. Alikuwa ameifanyia mazoezi siku ishirini na nne.

Mimi nilikuwa nimepiga magoti kutafuta jino. Watu wakadhani nasali. Mama yake Kinga akaanza kulia, wengine wakafuata, padri akaniwekea mkono begani akakaa nao hapo, na kila nikitaka kutambaa kidogo kushoto ananikandamiza kwa upendo. Nta imeharibu suruali.

Watu walipotawanyika Gáspár akapiga magoti kando yangu. Akauliza kwa sauti ya chini tunatafuta nini.

"Jino."

"La plastiki?"

"Langu."

Akatafuta bila kucheka. Mikono yake ni mikubwa, alivunja krisanthemu mbili. Nikamwambia nilidhani anaitaka nafasi yangu. Akasema, "Nafasi yako naitaka tangu mwaka tisini na nne. Lakini si leo, mzee mwenzangu." Alijua habari ya jino tangu siku ya kwanza. Mbwa wake haji kwa mtu mwenye meno.

Nikamwambia niliahidi kuupiga mimi na nimeshindwa. Akasema nimeuanza mimi, yeye kafunga mlango tu.

Hatukuliona. Liko kwako. Kwetu, mtu akifia mahali, watu husema ameacha jino lake pale. Mimi nimeacha langu pale, na nimerudi nyumbani nikala soseji ya Gáspár, laini, imechemshwa.


Jumatatu, 4 Novemba

Nimemwambia Daktari Végh kila kitu. Tarumbeta, gundi, jozi. Alisikiliza mkono ukiwa shavuni. Kisha akanipiga eksirei, akaigonga skrubu kwa kijiti chake, akasikiliza kama mtu anayegonga pipa la divai. Nikafumba macho. Nikamwambia asinifiche, nimeshaona kwenye kadi, najua haitashika.

Akauliza kadi gani. Nikamwonyesha pembe.

Akamwita Kinga. Kinga akatazama, akashika kiuno. Akasema ni kalamu, mzee. Siku ile ya Bwana Huber alikuwa anajaribu kalamu. Kalamu isiyotoa wino, kwetu si husemwa nem fog, haishiki? Basi aliijaribu, ikakwaruza, akaandika inavyostahili.

Nikauliza, kama haikuandika, iliandikaje kwamba haiandiki. Akasema, "Kwa shida, kama wewe unavyosema ukweli." Akaigeuza kadi. Nyuma, kwa wino mweusi mnene, kalamu ya tatu: fog.

Nusu mwezi nimekula supu kwa ajili ya kalamu.

Skrubu imetulia. Daktari haelewi jinsi gani, na amesema nisimsimulie mtu, wasije wakaiga. Kuhusu tarumbeta akauliza kwa nini sikumwuliza tangu mwanzo. Angengoja. Angelikarabati jino la zamani kwa wiki tatu, ningepiga walzi wangu wote, kisha skrubu ingeingia baadaye kwa raha zake. Lilikuwa swali la kwanza la kuuliza, akasema, si la kumi na nne. Nikakubali kabisa. Nikamwambia nimejifunza.

Amenikataza tarumbeta mpaka Februari. Nimeahidi mbele ya Kinga.

Sasa, bendi ina tamasha tarehe ishirini na mbili Desemba, na kule stoo kuna tuba ambayo haina mtu. Mdomo wa tuba ni mpana kama kikombe, haugusi meno, unagusa karibu masharubu. Daktari amesema tarumbeta. Tuba hakuitaja. Nilikuwa na nia ya kumwuliza, nikafika mpaka mlangoni. Lakini nikiuliza, atajibu.

Mchana huu nimechambua jozi za uani, bakuli mbili. Ijumaa ni tarehe nane na friza ni tupu, kwa hiyo nimejaribu kuoka beigli mwenyewe. Imepasuka mgongoni na imeungua upande mmoja. Gáspár nimemwalika. Nimechambua kila ganda, Terka, naapa, isipokuwa lile la kibiritini. Hilo nimelirudisha ndani, upande atakaokaa yeye. Vyombo ni vingi.

Nitunzie jino. Na mimi unikumbuke.

Vendel wako